Mgonga Jibini

Baba yangu ni mgonga jibini.
Ndiyo, ni kazi, tena ina mshahara;
nyumba yetu ya Bibbiano imesimama juu yake.
Magurudumu ya jibini, kilo arobaini kila moja,
yamepangwa rafuni hadi darini
kama vitabu vya mtu mwenye kauli moja.
Hulitoa moja, akalipakata kama mtoto mwenye homa,
kisha kinyundo cha chuma:
ko, ko, ko.
Analigeuza. Ko.
"Hili lina ufa."
Hajaona kitu. Lipasue, ufa huo hapo,
mwembamba kama unywele kwenye supu.

Nilipokuwa na miaka tisa nilimwuliza, unajuaje?
Akasema, "Debe tupu hupiga kelele.
Jibini yenye tundu hunong'ona.
Sijui ninavyojua. Sikio hufika kabla yangu."

Gurnam alikuja Jumapili ya pili ya Novemba,
viatu vya shambani,
kilemba cha rangi ya machungwa kikidondosha mvua
kwenye sakafu ya mama.
Akampa baba mkono.
Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa, naye akauondoa upesi.
Basi.
Kofia ya baba haijafika kwenye msumari wake,
hukumu imekwisha andikwa na kupigwa muhuri.
"Huyo," aliniambia jikoni akikata mkate,
"hana ndani."

Hakumgonga hata mara moja.
Hakumgeuza.

Mkono ulilowa kwa sababu alitoka kuzalisha ng'ombe,
akaunawa mara nne kwenye bomba la nje, katika baridi ile,
asije akaninukishia zizi mezani kwetu.
Siku ile sikulijua hilo.
Wala mimi si hakimu bora, tusidanganyane.
Nilimpenda kwenye kituo cha mafuta cha Montecchio
kwa jinsi alivyokunja mwavuli,
polepole, pindo kwa pindo,
kama anayemlaza paka.
Mwavuli!
Kufumba na kufumbua nikampa maisha yangu.
Angeweza kuwa mwizi wa miavuli.
Baba aliona mkono, mimi niliona mwavuli,
mtu mwenyewe akabaki amesimama mlangoni.
Mimi nilibahatika tu,
na bahati ikishazoea nyumba hujiita busara.

Miaka kumi na saba ya "habari za ng'ombe"
na "nisogezee chumvi."

Kisha sikio likaanza kumtoroka baba.
Hakusema. Angemwambia nani?
Mwezi Machi alipitisha magurudumu mawili mabovu,
akalaumu nyasi, akalaumu maziwa, akalaumu serikali.
Naye Gurnam, ambaye zizi lilipouzwa
alihamia kusugua rafu chumba kile kile,
mgongo kwetu, brashi mkononi,
alikuwa akisikia.
Hakuna aliyemfundisha.

Nilikuwa mlangoni na kahawa.
Baba akapiga: ko, ko.
Akainua macho, akayapeleka
usoni kwa mume wangu.
Uso ule ulijikunja kidogo, pembeni mwa jicho, hapo tu.
Baba akachukua kisu
akalichora gurudumu mistari ya daraja la pili.
Akavuta jingine. Ko. Akatazama tena.
Hawakusemezana neno.
Kahawa ilipoa mikononi mwangu.

Wamefanya hivyo tangu wakati huo, kila asubuhi,
mmoja na nyundo, mwingine na uso,
na wakaguzi kutoka mjini husema
mzee bado ana sikio la ajabu.
Gurnam huinama akaendelea kusugua.

Jana nilimwuliza baba kama anaikumbuka Jumapili ile,
mkono, sakafu iliyolowa, alichoniambia jikoni.
Akanitazama midomo kwa muda,
akadhani nimemwuliza saa.
"Bado mapema," akasema,
akatundika kofia.