Kijiko cha Yuro Sita

Nilikitoa kwenye ndoo ya nyundo zisizo na mipini,
Jumamosi, soko la Winschoten, manyunyu,
muuzaji kofia imemshukia hadi nyusi.
"Cha nini hiki?"
Akainua bega moja. "Cha yuro sita."

Urefu wake, toka kiganja hadi kiwiko.
Mpini umepachikwa kimsalaba, umeng'aa kwa mikono ya watu,
kisha ufito wa chuma, na mwishoni
kitu kama kijiko kilichokasirika:
ukingo mmoja umekunjwa, makali yametazama ndani,
kana kwamba hakikuumbwa kulisha bali kula.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Na mgeni akiwa mwenyewe ndiye jembe?
Nilimweka mezani, karibu na chumvi,
tukatazamana wiki nzima.

Roelof, fundi bomba mstaafu, hakusita:
"Cha kuzibulia." Hakusita pia
kukijaribu kwenye sinki langu, kikakwama,
tukafungua bomba zima hadi saa tano usiku.
Muuza nyama: cha kutolea uboho.
Mpwa wangu Jelmer: cha kung'olea macho.
Ana miaka tisa, msamehe.
Bwana wa makumbusho alijibu kwa barua ya kurasa mbili
ambayo neno lake zito kuliko yote lilikuwa "huenda".

Mimi nilisoma nilichoweza kusoma:
herufi mbili za kuchomwa, H na B;
kutu iliyokwepa ncha;
na upande mmoja wa mpini umebonyea
kama mto wa mtu alalaye ubavu uleule.

Jumapili nikaenda kumjulia hali Geesje,
shangazi wa marehemu mke wangu, miaka tisini na mmoja.
Huniita Harm. Mimi si Harm.
Nilikuwa nacho ndani ya mfuko wa viazi.
Hakuuliza kitu. Alikinusa.
"Mwerebi," akasema.
Kisha akainama, polepole kama mlango wa ghala,
akavua sapatu yake ya sufu,
akakiingiza pale pa kisigino
akazungusha, robo, robo, kuelekea vidoleni.

Mtalawanda!
Kiatu cha mti huanza gogo bichi,
ukiligonga latoa maji,
na hiki hulila kutoka tumboni.
Fundi haoni anachochonga. Husikiliza.
"Ukuta ukibaki unene wa kidole," alisema Geesje,
"sauti hukonda. Hapo Baba aliacha.
Maranda tuliwashia jiko.
Majira ya vita tuliwashia viatu."

Nikamwonyesha H na B, nikitumaini.
Akaupima mpini kwa kiganja, akatikisa kichwa.
"Si Baba. Huyu alikuwa wa mashoto."
Akanirudishia, akauliza chai iko wapi.

Basi jina la kazi ninalo, la mfanyakazi sina.
Jana nimekipaka mafuta, nikatafuta msumari,
kisha sikukitundika.
Nilikishika kwa kushoto, mkono wangu mjinga,
na kidole gumba kikatulia kwenye kibonyeo
alichokichimba mtu bila kukusudia,
jozi baada ya jozi,
akiwavisha watu ambao matope yao
yamekwisha kukauka.