Mkalimani wa Liwale

Mwaka ule halmashauri iliponiajiri
kutafsiri tembo, kwa mshahara wa mkataba,
nilipewa kofia ya nyaya, buti jozi moja,
nikaambiwa: kaongee nao, wasile mahindi.

Lugha yao haiji masikioni. Hupandia nyayoni,
hufika kwanza kwenye magoti,
ndipo kofia ikohoe, iseme Kiswahili
chenye lafudhi ya kiwandani.

Mtendaji Chingwile alikuja na karatasi:
ekari nne za ufuta, nani atalipa?
Somoe Likwata, miguu peku, alitaka tu kujua
kama wanamkumbuka mumewe waliyemkanyaga.

Nikayapeleka yote, neno kwa neno.
Jike kubwa likatandaza masikio
kando ya mikorosho.
Kimya. Vumbi.
Kisha magoti yangu yakajua.

*Mwenye ufuta tumemsikia.
Mwenye kilio tumemsikia.
Sisi tuna swali moja:
ule mfupa mnaozuia nao mlango wa ofisi
usibamizwe na upepo
ni taya la mama yangu.
Mkishafunga jioni, analala ndani au nje?*

"Amesema nini?" Chingwile, kalamu mkononi.

Nilikuwa bado nautafuta
Uswahili wa serikali wa jambo lile
Somoe alipoinuka, hakuuliza mtu,
akaenda ofisini na nyayo zake,
akarudi ameukumbatia
kama mtoto mwenye homa,

na huko nyuma mlango
ukibamiza, ukibamiza.