Kibaba

Samsu, mwezi wa kumi na moja. Theluji imefika dirishani.

Mwanangu Myeongho,
habari zako zimenifikia juzi, zimeloa,
juu ya punda wa mchuuzi wa chumvi:
umepewa wilaya, na muhuri, na nyumba ya vigae.
Nimecheka peke yangu. Kisha nikatafuta wino,
nao umekuwa jiwe. Nimeuyeyusha kwa pumzi.

Usiniulize namna ya kutawala.
Aliyetawala vizuri hangekuwa hapa
akimenya figili kwa kisu cha kuazima.
Au pengine angekuwa. Hilo bado sijalijua.

Lakini siku ya kwanza, kabla hujavua kofia,
nenda ghalani, uombe kibaba.
Watakuwa navyo viwili:
kirefu cha kupokelea kodi, kifupi cha kukopeshea,
na karani atatabasamu kama mwenye jino bovu.
Vipasue vyote. Pasua mwenyewe, kwa shoka,
hiyo mikono yako laini ipate malengelenge.
Wakulima hawatasoma matangazo yako.
Malengelenge watayasoma.

Kisha kagua kamba ya kisima cha sokoni.
Ukitaka kujua aliyekutangulia alikuwa mtu gani,
itakwambia.

Mimi vibaba hivyo niliviona nikiwa na miaka thelathini.
Nikaandika ripoti, kwa mwandiko mzuri sana.
Ripoti ikasifiwa hadi ikulu.
Vibaba vikabaki.
Hiyo ndiyo aibu ninayolala nayo,
wala siyo ile waliyonihukumia.

Kuhusu marafiki.
Asubuhi niliyoanguka, uani kwetu palikuwa na farasi kumi na mmoja.
Jioni ilibaki samadi.
Siwalaumu, wana watoto.
Ila Bak Inseo, ambaye nilimnyima cheo mara mbili
(hakukifaa, na nilimwambia usoni kuwa hakukifaa),
alinisindikiza hadi kivukoni, kiatu kimoja kimekatika,
akinigombeza njia nzima
kwa kusahau kofia ya manyoya.
Kila mwaka hunitumia uyoga mkavu
na barua iliyojaa matusi.
Mtafute wako. Labda hata sasa
unamkwepa barabarani.

Na Min Taeseok, usimchukie kwa ajili yangu.
Aliniandikia mashtaka saba. Matano ni uongo mtupu.
Mawili nimeyabandika ukutani, juu ya godoro,
kwa kuwa katika miaka ishirini ya karamu
hakuna aliyethubutu kunipa.

Nilitaka kukuandikia pia juu ya wema,
nikafuta mara tatu, karatasi ikatoboka.
Basi nikusimulie tu ya mjane anayeniuzia kuni.
Hajui nilikuwa nani. Anadhani niliiba ng'ombe.
Juzi nilimzidishia sarafu moja, macho haya ya uzee;
usiku, katika upepo ule, akapanda mlima kunirudishia,
akasimama mlangoni akihema, akakataa hata maji ya moto.
Nimefanya kazi na mawaziri tisa.
Nimewapitia mmoja mmoja tangu usiku ule,
na mimi wa kumi,
nikitafuta nani angepanda.

Mama yako usimwambie kuhusu kikohozi.
Nitumie wino, na njia ikifunguka
nitumie vipande vya vile vibaba.
Mbao za zamani huwaka vizuri,
na kuni za mjane nisingependa kuzimaliza upesi.