Kikombe cha Nne

Kaka yangu Bunu amerudi Lamu na mafundi saba
na masanduku yenye vibandiko vya uwanja wa ndege wa Paris.
Tumeikodi nyumba yetu siku sita
kwa Mfaransa aliyeinunua kwa baba.
Zidaka amezipaka chokaa upya. Chooni kuna maua.

Filamu ni ya jioni ile baba alipotia saini.
Baba ni mwigizaji wa Mombasa, mrefu,
anainama mlangoni ambapo baba hakuinama kamwe.
Mama ni binti wa Nairobi,
Kiswahili chake kimenyooka kama rula.
Bunu ni kitoto cha Langoni anayelipwa soda.
Mimi simo.
"Mtoto mmoja anatosha," aliniambia kwa simu,
"wawili wanaitawanya hadithi."
Nikasema haya. Nikapewa mti wa maikrofoni
niushike juu, nje ya picha, mpaka mikono ife ganzi.

Punda wa Mkomani walituharibia mara tatu.
Adhana ya alasiri ikatupumzisha.
Kisha binti wa Nairobi akaja na sinia, vikombe vitatu,
na mama, mama mwenyewe, aliyeketi juu ya sanduku la taa,
akanyanyuka, akaingia kwenye mwanga,
akaweka cha nne.

"Kata! Mama, unaharibu."
"Naharibu nini? Wana niliozaa ni wawili."

Wakarudia. Naye akarudia.
Mara ya tano jua lilikuwa limeshuka ukutani shibri mbili,
na Bunu, aliyesomea kazi hii miaka minne,
akatazama saa.
Kikombe kikabaki, kinatoa mvuke,
hakuna aliyekigusa.

Juzi ametuma ujumbe wa sauti:
filamu imeonyeshwa huko, watu wamesimama,
bibi mmoja ukumbini ameuliza maana ya kile kikombe.
"Nikamjibu, ni nyumba inayomngoja aliyeondoka."
Makofi yanasikika mpaka ujumbe unakatika.

Nilimwekea mama mara mbili, anapepeta mchele.
Hakuinua uso.
"Mwambie ilikuwa chai ya tangawizi," akasema.
"Na uliinywa wewe,
walipokwisha kuzima taa,
imeshapoa,
umesimama wima kama mgeni,
mikono yakutetemeka."