Tofali Lina Nyuso Mbili

Tunaufumua Mtaa wa Wakandaji, Leiden.
Bomba la majitaka limeoza kama jino
na manispaa imesema: kabla ya barafu.
Wiebren ana nyundo, Driss ana toroli,
mimi nimepiga magoti.

Tofali hapa halitupwi.
Unaling'oa, unalipangusa, unaligeuza:
uso uliolika ulale mchangani,
uso mzima upokee mvua.
Hili baba yangu aliligeuza kabla sijazaliwa.
Nalirudisha alivyolikuta.

Chini zaidi, udongo mweusi. Unanuka bado,
au ni mimi ninayejua mno.
Hapa sufu ilikandwa kwa miguu, ndani ya mkojo.
Kila mlango ulitoa chungu chake alfajiri
na Joos, mkimbizi kutoka Flandria, akapita na pipa
akikusanya mikojo ya watu wasiomwitikia salamu.
Jumapili walikwenda kanisani, nguo nyeupe pe.

Driss ameokota gololi ya udongo.
Anaitia mfukoni, anaitoa, anaitia.
"Ya mtoto gani?" anauliza, kwa lafudhi
ya Leiden kuliko yangu.
Simjibu. Tumefika namba kumi na tisa.

Vibao vitatu vya shaba, kila kimoja kama kiganja:
Rebekka. Izak. Bram, miaka minne.
Siku ya kuchukuliwa moja. Siku ya kufa moja.
Wiebren anaweka nyundo chini.
Hivi havigeuzwi.
Anavitoa kwa vidole, anavifunga kwa taulo,
anavilaza ndani ya mkoba wake wa mkate.

Mlango wa ishirini na moja unafunguka:
Bi Hillegonda, miaka tisini na miwili, kahawa kwenye sinia.
"Ule mwaka wa njaa," anasema, na hakuna aliyemuuliza,
"tulikula vitunguu vya tulipu. Tulichoma milango, tukachoma sakafu.
Na ngazi za hapo kumi na tisa, vidato kumi na vinne.
Nilivibeba mimi. Nyumba ilikuwa tupu."
Kisha: "Sukari ngapi?"

Mbili, nasema.

Alhamisi Driss aliomba kile cha Bram akipange yeye.
Alikaa muda mrefu ameinama, mgongo ukitukinga tusione.
Mfuko wake sasa mtupu.

Ijumaa mtaa umefungika, mwekundu,
kama haujakanyagwa na mtu.
Baiskeli zimerudi na kengele zao.