Miguu Mitatu, Jina Nusu

Mama Ndetaulwa ameshuka kutoka Uru
na bodi ndani ya mfuko wa sukari.
Mashine ya kutotolea vifaranga imekata joto tangu alfajiri.
Mayai themanini na manne, siku ya kumi na saba,
ameyafunika blanketi la mtoto,
ameyapangia chupa za maji ya moto ubavuni
kama wagonjwa.
"Una mpaka jioni," anasema,
kisha anakaa juu ya spika bovu. Haondoki.

Nje, Kiboriloni inanadi mashati: mia tano, chagua, mia tano.
Mimi nimeinamisha taa.

Kidude chenyewe ni punje mbili za ulezi zimebanana,
nyeusi, miguu mitatu, mgongo umeungua.
Nakifuta kwa spiriti. Naigeuzia bodi dirishani.
Maandishi haya hayasomeki ukiyakabili uso kwa uso,
yanataka mwanga wa pembeni, kama kovu.
J.
Halafu kitu.
Halafu masizi.

Kundaeli, ninayemfundisha, ana daftari:
J3Y, J6, 2TY, 1AM,
miaka sita ya maiti tulizowahi kuzitambua.
"J3Y," anasema upesi.
Labda. Lakini J ziko ngapi duniani?
Kiwanda hiki kinaandika hivi, kile kinalitwaa jina lilelile
kukiita kitu kingine kabisa,
na wapo wanaouparua mgongo kwa makusudi
tusijue wamenunua wapi.
Mimi nimewahi kuziamini herufi.
Redio ya mzee mmoja wa Kibosho ilinifukizia usoni.
Niliilipa.

Basi nafanya kama wafanyavyo kwetu
kijana mgeni akija kuposa:
jina baadaye.
Kihamba chenu kinapakana na nani?
Maji mnayapata mfongo upi?

Mita inalia. Mguu mmoja umelala kwenye hasi, hauna siri.
Ule wa peke yake, upande wa pili, unakwenda kwenye koili ya rilei.
Wa tatu unapita kwenye risista iliyoandikwa 102
hadi kwa aisii kubwa, yenye akili, inayopima joto.

Naiweka mita chini.

Nimeshamjua.
Ni yule mtoto anayetumwa usiku, zamu yetu ikifika,
kwenda kung'oa kipande cha mgomba kilichoziba mfongo.
Maji si yake. Hayanywi.
Mkono wake mdogo ukifungua, kihamba kizima kinalowa,
ukiziba, tunalala na vumbi.
Aisii inanong'ona, yeye anafungua, rilei inagonga, hita inawaka.

Kwenye bodi ya king'amuzi kilichokufa namtafuta mwenzake.
Nampima kwanza, huku na huku,
maana wapo wa sura moja wanaofungua kinyume.
Nabana pumzi. Risasi inayeyuka, inang'aa,
inaganda.

Umeme.
Sekunde moja. Mbili.
Mama Ndetaulwa amesimama.

Tak.

"Ndiyo sauti yake hiyo," anasema,
anaichukua bodi hata haijapoa.
Alilipa elfu saba badala ya kumi,
tatu nikamwachia kwa ajili ya mayai yatakayokuwa yamekufa.

Jioni Kundaeli alifungua daftari.
Akaandika J, akaweka nukta mbili, akanitazama.
Nikamwambia, andika: jina halijulikani.
Halafu chora mifereji mitatu, uoneshe inakotoka.
Alichora vibaya. Tumeiacha hivyohivyo.

Siku ya ishirini na moja simu iliita nina mswaki mdomoni.
Hakusalimia.
Aliiweka simu juu ya mashine, nikasikia
kama mtu anayekwaruza kwa ukucha
mgongo wa kitu kidogo sana,
anatafuta herufi.