Pete na Nyota

Karatasi sikutaka,
na wino sikuuweka,
risitini naandika
yadini, juu ya gari.

Nimekuja niyaone,
yapangwa yatazamane:
moja lina pete nne,
la pili nyota ya zari.

Twalibu mwenye kuuza
vioo avipanguza,
farasi anieleza:
mia sita mahodari.

Mia sita! Nikacheka.
Darajani wakifika
saa moja watachoka;
mbele, lori la sukari.

Mimi kazi yangu meno,
Ganjoni, chumba cha tano;
nimeng'oa kwa mikono
magego ya matajiri.

Nikaweka, nikaweka,
miaka hadi miaka,
leo najipa mashaka
kuchagua lipi zuri.

Shemeji Badi kanena:
“Kiwanja ni bora sana,
Mtwapa vyapatikana,
hakizeeki, si gari.”

La pete nikaliwasha:
sauti limeishusha
kama mtu anokesha,
uradiwe ni wa siri.

La nyota lilinguruma,
paka wote wakahama;
Twalibu kando kasema:
“Hilo, dada, ni johari!”

Fundi wangu ni Mwalewa.
Chini akalala sawa,
tochi menoni ikawa;
kaibuka na habari:

“Haya yote yapo chini,
matuta ya Kisauni
yatakwangua tumboni
kama papa kwa hanjari.

Na masika yakifika,
Makupa ikafurika,
maji injini yashika,
hapo, dada, utakiri.

Na chumvi? Chumvi ya pwani
hula chuma kwa amani,
haijali bei gani,
haisujudii gari.”

Mafuta nikahesabu
kwa lita, nikajijibu
kuwa hii ni adhabu
nimejipa kwa hiari.

Lakini nisiwe mwongo:
nyota lilinipa hongo,
likaruka kama ungo;
nikasahau umri.

Dongo Kundu, njia tupu,
damu ikaenda chapu,
mwili wote u upupu,
dakika tatu za heri.

Jumatano nina mama:
damu husafishwa nzima,
saa nne hutazama
ikirudi, ikijiri.

Nikaja naye yadini
na fimbo yake kwapani;
Twalibu, kofia chini,
kamfungulia gari.

La nyota hakuliweza:
kiti chini chamlaza,
goti likamuumiza.
“Hili kaburi, si gari!”

La pete akaingia,
buibui kavutia,
mkoba kapakatia,
kanambia: “Twende, shwari.”

Basi, hesabu za kasi,
za injini na farasi,
zikafutwa kwa wepesi
na goti lenye dosari.

Sasa kila Jumatano
Nyali twenda kobe mno,
mama avuta maneno,
farasi wakisubiri.

Muuza njugu apita,
mkokoteni wateta,
hamali ajikokota,
kavuka mbele ya gari.

Nyota limechukuliwa
na wakili asojuwa;
bampa imeshang'olewa
kama gego la tajiri.

Juzi, mama amelala,
nilichepuka kwa hila
kwa Dongo Kundu, mahala
pasi tuta wala lori.

Nikakanyaga kidogo.
Pete likafuta zogo.
Sauti, kwenye kisogo,
ikanena: “Kaza gari.”